Jua la Saa Mbili Usiku

Kazi yangu ni kupiga picha, na nyingi ninazopiga ni za harusi. Nipo Ngamiani, Tanga, mwaka wa 14 sasa. Jumamosi baada ya ndoa kufungwa tunawapeleka maharusi Raskazone, baharini, na ratiba yetu haibadiliki: saa 10:30 alasiri tunaanza, saa 12 jioni tunafunga vifaa. Sihitaji kutazama saa. Jua la Tanga, uwe mwezi wa Januari au wa Julai, linazama kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni, na likishaanza kushuka halina subira. Linadondoka wima kama nazi. Ukiinama kubadilisha lenzi, ukiinuka unakuta bibi harusi ameshakuwa kivuli.

Naamini hesabu yetu ya saa ilizaliwa na jua hilihili. Linapochomoza tunaanza moja, linapozama tunaanza moja tena, kumi na mbili huku na kumi na mbili kule. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna pwani ambako hesabu hiyo haishiki, mpaka mwezi wa Juni nilipokwenda Sisilia, kisiwa cha Italia, kumtembelea dada yangu.

Dada ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Anaishi Palermo mwaka wa 9 sasa na mume wake, mtu wa Ghana, na mtoto wao wa kiume wa miaka 11. Anamtunza bibi mmoja aliyevuka miaka 90, anaingia asubuhi na kutoka usiku. Mapumziko yake ni Alhamisi mchana na Jumapili, kama ilivyo kwa wengi wanaofanya kazi za nyumbani Italia. Kila kiangazi hutuma picha akiwa ufukweni, na kila mara mama huigeuzageuza simu akitafuta sura. Bahari inaonekana, miamvuli inaonekana, watu wengine wote wanaonekana, dada yangu ni umbo jeusi lenye kofia. Siku ninaondoka mama alinishika mkono akaniambia: "Niletee picha ya dada yako. Nataka nimwone yeye, na nione mahali anapoishi. Vyote viwili."

Mimi nilikuwa na picha yangu nyingine kichwani. Studio yangu ina kalenda ya zamani niliyoshindwa kuitupa hata baada ya mwaka wake kupita: mji wa mawe uliosimama ndani ya maji, nyumba zake zina rangi ya asali, nyuma yake mwamba mkubwa kama kichwa cha jitu, mbele mchanga umejipinda hadi ukingoni mwa karatasi. Chini imeandikwa Cefalù. Dada aliponiambia kwamba ni safari ya treni ya saa moja hivi kutoka kwake, sikulala vizuri usiku huo.

Nilikwenda Jumanne, mimi na mpwa wangu, shule zikiwa zimeshafungwa. Tulifika kama saa 5 asubuhi. Mji ni uleule wa kwenye kalenda. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kichwa, na ukiuona ule mwamba, wenyewe wanauita La Rocca, huulizi sababu. Unapanda mita 270 kutoka usawa wa bahari, na mji wa kale umejibana miguuni pake. Katikati ya mapaa ya vigae inatokeza minara miwili ya kanisa kuu, ambalo Mfalme Roger wa Pili alianza kulijenga mwaka 1131. Upande wa magharibi wa mji ndiko kuna ufukwe, mchanga wa zaidi ya kilomita moja. Sehemu kubwa ina miamvuli ya kukodi iliyopangwa safu kwa safu, sehemu nyingine ni ya bure, na ukingo wa maji ni wa kila mtu kupita.

Nilipiga kama mtu aliyekuwa na njaa. Picha 340 kwa siku moja, mimi ambaye harusi nzima huimaliza kwa 600. Nilisimama juani mpaka shingo ikaungua. Na katika zile 340 hakuna hata moja niliyoiweka ukutani.

Makosa yalikuwa mengi, lakini mzizi wake ni mmoja. Asubuhi, ukiwa ufukweni unautazama mji, jua linatoka upande uleule unaoutazama. Kuta zote zinazokuelekea ziko kivulini, anga nyuma yake inawaka. Nikangoja jua lipande, nikidhani litasaidia. Lilipanda kweli. Adhuhuri ya Juni kule jua hufika nyuzi 75, juu kuliko la Tanga mwezi huohuo, ambalo huishia kwenye 61 au 62 kwa sababu wakati huo limehamia kaskazini mwa ikweta. Mji ukapauka. Nyumba zikawa kama zimekatwa kwenye boksi na kubandikwa. Bahari nayo ilikuwa na mng'ao mweupe, kwa hiyo nikafunga polaraiza, kichujio cha kukata mng'ao, mbele ya lenzi pana. Maji yakafunguka vizuri, mawe ya chini yakaonekana, ila anga ikaharibika: upande mmoja samawati ya kawaida, katikati doa jeusi kama wino uliomwagika, upande mwingine samawati tena. Kichujio kile kinakata mwanga zaidi pale anga inapokuwa pembe mraba na jua, na lenzi pana inaona anga nyingi mno kwa wakati mmoja. Nyumbani nakitumia kwa lenzi ya milimita 50 na sijawahi kuliona doa hilo. Tangu siku ile nikiwa na lenzi pana nakizungusha nusu tu, au nakitoa kabisa.

Ilipofika saa 11 jioni nikaanza kufunga vifaa. Sikufikiri. Mkono ulifanya wenyewe kama unavyofanya kila Jumamosi Raskazone. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, tunaondoka saa hizi?" Nikamwambia jua linakaribia kuzama, hakuna kitu tena. Akanitazama, lakini mtoto aliyelelewa vizuri habishani na mjomba wake. Tukapanda treni.

Njia ya reli inafuata pwani. Nilikaa dirishani. Tukiwa njiani mwanga ukaanza kugeuka, polepole, kutoka nyeupe kwenda manjano. Tulifika Palermo jua liko juu. Tukatembea hadi nyumbani jua liko juu. Nikaoga, tukala, nikatoka barazani kwenye ghorofa ya nne, na sasa kila ukuta wa mtaa ule ulikuwa na rangi ya asali, rangi ileile ya kalenda yangu. Nikaangalia simu. Saa 1:40 usiku. Nikaangalia tena. Jua lilizama saa 2:30 usiku.

Nilisimama pale barazani mpaka kukawa giza kabisa, na giza lenyewe lilichukua muda kuja. Niliumia kweli. Mtu hasafiri umbali wote ule halafu akageuzia mgongo kitu alichokifuata, tena kwa ajili ya mazoea.

Usiku ule nilikaa na karatasi nikajichorea. Kwetu, karibu na ikweta, jua linashuka karibu wima, kwa hiyo linaukata upeo wa macho haraka, na dakika kama 20 baadaye mwanga wa kazi umekwisha. Kule, nyuzi 38 kaskazini, jua la Juni linashuka kwa mshazari, linateleza kando ya upeo kama mtu anayeshuka kilima kwa kukizunguka. Likishazama bado linatembea chini kidogo tu ya mstari, kwa hiyo mwanga unabaki nusu saa na zaidi. Na halizami magharibi kamili. Linakwenda mbali upande wa kaskazini. Hilo lina maana kubwa kwa Cefalù, kwa sababu magharibi kamili kuna milima ya kuelekea Palermo, lakini Juni jua linaikwepa milima hiyo na kuingia moja kwa moja baharini. Sisi wa pwani ya mashariki ya Afrika tumezoea jua linalotoka baharini na kuzamia bara. Nilikuwa na miaka 38 na sijawahi kuliona likiingia majini.

Kuna jambo jingine nililolibeba kutoka nyumbani likawa halina kazi: maji kujaa na kupwa. Picha nzuri za ufukweni kwetu zinategemea bamvua. Maji yakitoka, mchanga unabaki na utando mwembamba wa maji, anga yote inajilaza chini, unamsimamisha bibi harusi hapo anakuwa wawili. Nilimwuliza dada, "Huku maji yanatoka saa ngapi?" Akafikiri kwanza. Kisha akasema, "Hayatoki. Nilishangaa na mimi mwaka wa kwanza." Tanga, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, kule ni kiasi cha shibiri moja au mbili. Mediterania ni kama bwawa kubwa lenye mlango mmoja mwembamba, Mlangobahari wa Gibraltar, ambao pembamba kabisa una kilomita 14 hivi, na mawimbi ya kujaa na kupwa ya Atlantiki hayawezi kuupita kwa nguvu yake yote. Kwa hiyo ufukwe unabaki palepale, asubuhi, jioni, mwezi mpevu, mwezi mchanga. Kitu pekee kinachobadilika ni mwanga. Nilipolielewa hilo nilitulia. Kwetu nasubiri vitu viwili vikutane, maji na jua. Kule kinasubiriwa kimoja, na kwa hiyo hakuna kisingizio.

Mpwa wangu alikuwa ameokota kitu siku ile ya Jumanne na kukitia mfukoni. Alikitoa mezani nikiwa nachora: donge la kahawia, mviringo, ukubwa wa limau, jepesi kama hakuna kitu. Nikalibonyeza. Nyuzinyuzi zilezile za makumbi ya nazi, mpaka harufu ya chumvi. Nikadhani ni makumbi yaliyosafiri. Kumbe ni mabaki ya posidonia, nyasi bahari ambayo aina yake hii huota Mediterania peke yake. Majani yakifa mawimbi huyasokota huku na huku chini mpaka yanakuwa mpira, kisha huyatupa nchi kavu. Majani yenyewe hulundikana ufukweni kama matandiko ya kahawia, na wageni wengi huona ni uchafu. Mimi pia nilikuwa nimeyakwepa kwenye picha zote 340; nilisogea, nilichuchumaa, nilikata chini ya fremu. Halafu nikasoma kwamba malundo hayo ndiyo yanayouzuia mchanga usiliwe na mawimbi ya kipupwe, na kwamba mbuga za nyasi hizo chini ya maji ni nyumba ya samaki. Nilikuwa nakata kwenye picha kitu kinachoushikilia ufukwe mahali pake. Donge lile ninalo, lipo juu ya kabati ya lenzi.

Niseme na hili, kwa sababu linawahusu wote wanaobeba kamera baharini. Siku hiyohiyo ya Jumanne baba mmoja alitoka majini akanijia, maji yanamchuruzika. Hakufoka. Alizungumza na mpwa wangu, na mpwa akanitafsiria: "Anasema mtoto wake yumo kwenye picha yako." Niliwasha kioo, nikamwonyesha, kweli alikuwemo, binti wa miaka mitano hivi upande wa kulia akijenga kitu kwa mchanga. Nikaifuta mbele yake, na ile iliyofuata, na ile ya kabla. Akanipa mkono akarudi majini. Nimeogelea utoto wangu wote Tanga, na wageni walitupiga picha sana, tukiruka, tukicheka, tukiwa na kaptura zilizolowa. Hakuna aliyetuuliza, na sijawahi kuiona hata moja. Zipo mahali fulani kwenye albamu za watu nisiowajua. Sikukumbuka hilo hata mara moja kwa miaka mingi, mpaka baba yule aliposimama mbele yangu. Sasa hata harusini, watoto wa jirani wakiingia kwenye fremu, namtafuta mzazi.

Alhamisi tulikwenda na dada, alipotoka kazini mchana. Safari hii nilikuja na saa yangu mpya kichwani: tutakaa mpaka saa 3 usiku, iwe itakavyokuwa. Lakini siku hiyo ulivuma scirocco, upepo wa moto unaotoka kusini, Sahara, na kubeba vumbi lake hadi Ulaya. Anga ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha. Mstari kati ya bahari na mbingu haukuwepo. Mwamba wa La Rocca, mkubwa vile, ulikuwa umefutwa nusu. Tulitokwa jasho kama tuko jikoni.

Tukakimbilia ndani ya kanisa kuu. Ni baridi mle, na giza mpaka macho yazoee. Kisha unaiona dhahabu: juu ya altare, kwenye kuba la nyuma, Kristo wa mozaiki wa mwaka 1148, ameinua mkono wa kuume, na wa kushoto ameshika kitabu kilichofunguliwa. Dada husali hapo kila anapokuja. Akaninong'oneza niangalie kitabu. Ukurasa mmoja ni Kigiriki, mwingine Kilatini, na maneno ni yaleyale ya Injili ya Yohana kuhusu nuru ya ulimwengu, kwamba amfuataye hatatembea gizani. Sikuinua kamera. Nilibaki nikitazama jinsi dhahabu ile ilivyokuwa ikikusanya mwanga mdogo uliopo na kuurudisha chini usoni kwa dada yangu. Ngozi yake ilikuwa na mng'ao ambao sijauona kwenye picha yake yoyote kwa miaka 9.

Hapo ndipo nilipokumbuka kazi yangu.

Ngozi nyeusi haina ugumu kuipiga. Ugumu ni kuipiga pamoja na kitu cheupe kinachowaka. Kamera ikiachiwa iamue, inatafuta wastani. Ikiona mchanga na bahari vinang'aa inapunguza mwanga kote, na mwenye uso mweusi ndiye anayelipa. Kwa miaka mingi maabara za picha za Ulaya na Marekani zilirekebisha rangi zao kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na wazee wetu wakatoka kwenye picha za rangi kama meno na macho tu. Fundi aliyenifundisha alinikataza nisiiamini mashine. Alikuwa akisogeza kamera mpaka karibu na shavu la mtu, anapima mwanga hapo, anaurudia umbali wake, anapiga. Uso kwanza, mengine yafuate.

Tulipotoka nje, nikamsimamisha dada kwenye mchanga katika ule mwanga wa vumbi. Nikapima shavuni. Uso ukatoka vizuri ajabu, laini, macho yote mawili wazi, kila mstari mahali pake. Lakini nyuma yake hakukuwa na kitu. Hakuna mji, hakuna mwamba, hakuna bahari. Ukuta wa kijivu. Nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda. "Nimependeza," akasema, "lakini hapa naweza kuwa popote. Mama atasema nilipigwa studio."

Alisema kweli. Jumanne nilikuwa na mahali bila sura. Alhamisi nilikuwa na sura bila mahali. Adhuhuri, tofauti ya mwanga kati ya shavu la dada chini ya kofia na bahari nyuma yake ni hatua tatu au nne za kamera, kila hatua ni mwanga mara mbili ya iliyotangulia, na ukiujali mmoja unampoteza mwingine. Kuna wanaotumia flashi, kuna wanaotumia kioo cha kurudisha mwanga, na mimi mwenyewe navitumia harusini. Lakini flashi inaacha alama yake, mtu anaonekana amebandikwa juu ya mandhari. Nilitaka wote wawili, mji na dada yangu, wawe wamesimama ndani ya mwanga mmoja. Na nilishaanza kuelewa ni saa ngapi mwanga huo unakuja.

Jumapili upepo ulikuwa umegeuka, unatoka baharini, na hewa ilikuwa imeoshwa. Ufukwe ulijaa mpaka pa kuweka mguu hapakuwepo. Hatukuwa na haraka. Tulikula wali wa dada kwenye bakuli la plastiki, chini ya mwavuli tuliokuja nao, tukazunguka mji wa kale, tukanawa uso kwenye mabirika ya zamani ya kufulia ambako maji baridi ya mto yanatoka kwenye midomo ya simba wa chuma. Tukapita chini ya Porta Pescara, lango la kale linalofunguka kwenye bandari ndogo, tukakuta vijana wamepanga foleni wapigwe ndani ya tao bahari ikiwa nyuma yao. Ni mahali pazuri, sikatai. Ila nilitaka ule upande mwingine.

Saa 12 jioni, saa ambayo moyo wangu wote uliniambia nifunge vifaa, jua lilikuwa bado juu na watu ndio kwanza wanaingia majini. Saa 1 usiku kuta zikaanza kugeuka. Saa 1:30 familia zikaanza kukunja miamvuli, na mchanga ukaanza kupumua. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa maji, mji mbele yangu, jua kushotoni na nyuma kidogo, na kila jiwe la kuta zile za baharini likaanza kuonyesha sura yake: nyufa, madirisha, nguo zilizoanikwa, ngazi zinazoshuka mpaka majini. Vile vilivyokuwa boksi siku ya Jumanne sasa vilikuwa nyumba zenye watu.

Nikamwomba dada avue viatu aingie maji ya kifundo. Saa 2 kamili nilipiga za kwanza. Rangi ilikuwa ya ajabu, ngozi yake ikawa na wekundu wa shaba, lakini jua lilikuwa linamchoma jicho la upande mmoja, analikunja. Nikamwambia tusubiri. Akaniuliza, "Tusubiri nini tena? Si linazama?" Nikamwambia, "Ndiyo. Tusubiri lizame."

Lilizama saa 2:29. Liliingia baharini polepole mno, likalegea chini kama ute wa yai, likabaki uzi, likaisha. Watu waliobaki wakapiga makofi kidogo, wakaondoka. Nusu ya wapiga picha waliokuwa kando yangu nao wakakunja stendi zao. Nilitamani niwashike mikono. Maana kilichofuata ndicho nilichokifuata: anga yote ikawa taa moja kubwa isiyo na kivuli, bahari ikashuka mwangaza wake, kuta zikaushikilia wao, na uso wa dada yangu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ukawa sawa na mji ulio nyuma yake. Nilipima shavuni, nikapima ukutani. Hatua moja tu kati yao, haizidi. Macho yake yakafunguka. Madirishani zikaanza kuwaka taa, moja, mbili, halafu safu nzima.

Nilipiga picha 11. Ninayoipenda ni ya saa 2:48 usiku, kwa lenzi ya milimita 35. Haikuhitaji stendi. Dada hatabasamu. Alikuwa anamsikiliza mwanawe aliyekuwa anamwita kutoka kwenye mchanga, kichwa amekiinamisha kidogo, kiganja kimoja kimeshika gauni lisiloe. Nyuma yake ni mji wote wa kalenda, na minara yake miwili. Na pembeni chini, lundo la majani ya posidonia. Safari hii sikulikata.

Tulipata treni, tulikuwa tumeshaangalia ratiba kabla. Dada alilala begani kwangu mpaka Palermo.

Tanga niliichapisha inchi 12 kwa 18, karatasi isiyong'aa, nikampelekea mama. Hakuwasha taa. Aliibeba mpaka mlangoni, akasimama kizingitini, akaielekeza kwenye mwanga wa nje, na kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha akapitisha kidole juu ya paji la uso wa dada, taratibu, kama anayefuta jasho. "Hapa ni saa ngapi?" akauliza. Nikamwambia ni karibu saa 3 usiku. Akanitazama, akaitazama anga ya kwenye picha, hakunibishia. "Amekonda," akasema. "Mpigie."

Ilikuwa Alhamisi, saa 1:30 usiku, kwetu giza limeshaingia na adhana ya isha iko karibu. Kule ni saa moja nyuma. Dada alipokea akiwa njiani, anatembea, na jua la jioni lote limempiga usoni mpaka kioo cha simu kikawa cheupe, uso mweusi, kofia. Mama aliisogeza simu karibu na macho.

"Mwanangu," akamwambia, "sogea kivulini nikuone."